Kivuli Si Ubavu: Mwongozo Kamili wa Kutengeneza Herufi Zenye Unene kwa GIMP

Bango la kwanza la herufi nene nililomtengenezea mama mmoja wa mahamri pale Majengo lilirudi siku hiyo hiyo. Alilishika kwa ncha za vidole, akalitazama, kisha akaniuliza, "Mwanangu, mbona herufi zako zimelowa?"

Alisema kweli. Nilikuwa nimeandika jina, nikaweka kivuli chenye ukungu nyuma yake, nikajiambia hiyo ndiyo 3D. Vijana wanaokuja kukaa nami kwenye kompyuta hufanya vilevile hadi leo: wanakimbilia kivuli, na herufi haisimami, inaelea tu kama karatasi iliyotundikwa. Kivuli kinaonyesha kwamba kitu kiko mbali na ukuta. Hakionyeshi kwamba kitu kina unene. Unene unaletwa na ubavu, na ubavu hujengwa kwa mkono.

Tutajenga neno moja, MAHAMRI, mwanzo hadi mwisho. Tenga saa moja na nusu kwa mara ya kwanza. Ukizoea, dakika ishirini zinatosha.

## Unachohitaji

Kompyuta yenye RAM ya GB 4 au zaidi, na kipanya. Hatua ya tano bila kipanya ni mateso.

GIMP, programu ya kutengeneza na kuhariri picha. Ni ya bure, inapatikana gimp.org, na inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Majina ya menyu nimeyaacha kwa Kiingereza kwa sababu ndivyo utakavyoyaona kwenye skrini. Mwenye Photoshop atatumia hatua hizi hizi, ila menyu zitakuwa mahali pengine na vitufe vya mkato vitatofautiana.

Fonti nene. Chukua Archivo Black au Montserrat Black. Zote mbili ziko Google Fonts na unaruhusiwa kuzitumia hata kwa kazi ya biashara. Achana na fonti nyembamba na zile za mwandiko wa kadi ya harusi. Hazina nyama ya kubeba ubavu.

Karatasi yenye maneno ya bango, yameandikwa na mteja mwenyewe. Kosa la tahajia likitokea, mtajua limetoka wapi.

Kibiriti na tochi ya simu. Sifanyi mzaha.

## Hatua ya 1: Tazama kibiriti kabla ya kugusa kompyuta

Laza kibiriti mezani. Washa tochi ya simu, uishike juu ya kona ya kushoto iliyo mbali nawe. Sasa sogeza kichwa kidogo kulia na kukujia wewe, mpaka uone ubavu wa kulia na ubavu ulio karibu na tumbo lako.

Hesabu unachoona. Kuna uso wa juu, unang'aa. Kuna ubavu wa kulia, umefifia. Kuna ubavu wa chini, nao umefifia. Halafu kuna kivuli, ambacho hakiko kwenye kibiriti kabisa, kimelala mezani.

Angalia kingo zake vizuri. Mahali uso unapokutana na ubavu, mstari ni mkali kama umekatwa kwa wembe. Kivuli kinakuwa kikali pale kinapogusa kibiriti na kinalegea kadiri kinavyokwenda mbali. Hapo ndipo mabango mengi yanapoharibika: watu huupa ubavu ukungu wa kivuli, herufi ikalowa.

Andika kwenye karatasi na uibandike mbele yako: *mwanga juu kushoto, mbavu kulia na chini, kivuli kulia na chini.* Kila uamuzi kuanzia hapa unafuata mstari huo. Ukitaka mwanga utoke kulia, ni sawa, ila ugeuze kila kitu, usigeuze nusu.

## Hatua ya 2: Fungua karatasi ya kipimo sahihi

Nenda *File → New*. Weka upana pikseli 3508 na urefu 2480 (pikseli ni vile vidoa vidogo vinavyounda picha), kisha fungua *Advanced Options* uweke 300 kwenye *resolution*, yaani pikseli kwa kila inchi. Hiyo ni A4 iliyolala, tayari kwa kuchapwa.

Kwa nini usianze na picha ndogo uikuze baadaye? Kwa sababu ubavu tutakaoujenga unahesabiwa kwa pikseli, na picha ndogo ikivutwa kingo zake zinaota meno ya msumeno.

Kwa bango la kitambaa la mita 2 kwa 1, usitumie 300. Linatazamwa kwa mbali, 100 inatosha: pikseli 7874 kwa 3937. Leya moja, yaani tabaka moja la picha, ya A4 hii tunayofungua inakula karibu MB 35 za kumbukumbu. Ukipandisha vipimo ovyo halafu ukaongeza leya kumi, mashine itaganda na utailaumu bure.

Jaza usuli, yaani sehemu ya nyuma ya herufi, rangi ya `0f4c5c`, bluu-kijani iliyokolea (huo ni msimbo wa rangi, uuandike kwenye kisanduku cha kuchagua rangi). Herufi za manjano zitawaka juu yake.

## Hatua ya 3: Andika neno, kisha ufiche nakala

Bonyeza T, chagua Archivo Black, uandike MAHAMRI kwa herufi kubwa. Anza na ukubwa wa 500, upandishe mpaka neno libakize nafasi ya kutosha pande zote. Rangi ni `f2b134`.

Sasa ongeza nafasi kati ya herufi, kama pikseli 35. Usiruke hapa. Ubavu wetu utakuwa na pikseli 31 kwenda kulia, na herufi zilizobanana zitapandiana kama abiria wa feri ya Likoni saa kumi na moja jioni.

Tazama pia tundu la A. Ubavu utaingia ndani yake. Kama tundu halifiki mara mbili ya unene wa ubavu, litazibika na A yako itakuwa pembetatu. Badilisha fonti au punguza unene.

Rudufu leya mara mbili kwa *Ctrl+Shift+D*. Zitakuwa tatu. Ya juu kabisa iite ASILI na uifiche kwa kubonyeza alama ya jicho. Ya kati iite USO, ya chini UBAVU.

ASILI haiguswi. Leya ya maandishi ukishaipaka rangi inageuka picha ya kawaida, na hapo huwezi tena kusahihisha herufi. Mimi nilijifunza hivyo nilipogundua nimeandika MAHARMI, bango likiwa tayari limekwisha.

## Hatua ya 4: Jenga ubavu kwa kuzidisha mara mbili

Wazo lenyewe ni jepesi: ubavu ni nakala nyingi za herufi, kila moja imesogea pikseli moja kulia na moja chini. Kinachowashinda watu ni uvumilivu. Mtu anarudufu mara sita, anachoka, anasogeza nakala ya saba kwa pikseli ishirini ili amalize. Matokeo yake ni ngazi, si ubavu.

Usirudufu mara thelathini. Zidisha.

Chagua leya ya UBAVU na ufanye *Layer → Layer to Image Size*, ili herufi ipate mahali pa kusogea bila kukatwa. Funga sehemu tupu za leya kwa kitufe chenye alama ya ubao wa drafti kwenye paneli ya leya. Weka rangi ya mbele (*foreground*) kuwa `a8611a` na ubonyeze *Ctrl* na koma. Herufi zitakuwa kahawia. Kisha fungua tena kile kitufe cha drafti. Ukisahau, nakala hazitasogea inavyotakiwa.

Mzunguko mmoja una vitendo vitatu:

1. Rudufu leya ya UBAVU kwa *Ctrl+Shift+D*.
2. Isogeze nakala kwa *Ctrl+Shift+O*, ukiweka namba ileile kwenye X na Y, na uchague *Make transparent*.
3. Iunganishe na ya chini yake kwa *Layer → Merge Down*.

Mzunguko wa kwanza weka namba 1. Wa pili 2. Wa tatu 4, wa nne 8, wa tano 16.

Tazama kinachotokea. Baada ya mzunguko wa kwanza una nakala mbili zilizogandana. Wa pili unachukua hizo mbili kwa pamoja na kuzisogeza hatua mbili, zinakuwa nne bila pengo. Kisha nane, kumi na sita, thelathini na mbili. Kwa mizunguko mitano una ubavu wa pikseli 31, na hakuna hata pikseli moja iliyorukwa. Ukitaka mnene zaidi, ongeza mzunguko wa sita kwa namba 32, lakini rudi kwanza ukapime tundu la A na nafasi kati ya herufi.

Umefaulu ikiwa: ukikuza hadi asilimia 200, mstari wa mshazari kwenye kona ya M umenyooka. Ukiona vipande vilivyoachana, umeruka namba. Rudi nyuma kwa *Ctrl+Z* mpaka kabla ya kosa. Usijaribu kuziba kwa brashi.

Bonyeza *Ctrl+S* sasa hivi. Stima haibishi hodi.

## Hatua ya 5: Tenganisha ubavu wa kulia na wa chini

Kwa sasa ubavu wote una kahawia moja, na bado kuna kitu hakijakaa. Ni kwa sababu pande mbili za kibiriti hazikuwa na rangi moja machoni pako. Macho yetu yamezoea mwanga wa kutoka juu, jua au taa ya dari, kwa hiyo upande unaotazama chini tunautarajia uwe na giza kuliko ule wa kulia. Hatua hii ndiyo inayochosha, na ndiyo inayotofautisha bango la fundi na la mtu aliyebonyeza kitufe.

Ukiwa kwenye leya ya UBAVU, funga tena kitufe cha drafti. Acha USO ionekane juu yake, uone kona ziko wapi. Rangi ya mbele iwe `6b3609`.

Bonyeza F upate kifaa cha kuchagua kwa mkono. Tuchukue mguu wa kushoto wa H, tukaribie kabisa:

Bonyeza kwenye kona ya chini kushoto ya uso wa mguu. Bonyeza kona ya chini kulia ya uso huohuo. Shikilia *Ctrl* ili mstari ukae kwenye pembe ya digrii 45, uushushe mshazari hadi kona ya nje ya ubavu, ubonyeze. Rudi kushoto kwa mstari mlalo hadi kona ya nje ya pili. Funga umbo pale ulipoanzia, ubonyeze *Enter*. Umepata kisanduku kilichoinama. Bonyeza *Ctrl* na koma, kinajaa kahawia nzito. Kisha ondoa uchaguzi (*selection*, ile sehemu uliyoizungushia mstari) kwa *Ctrl+Shift+A*.

Ghafla mguu wa H unakanyaga.

Makosa madogo kwenye mstari wa juu hayadhuru, USO itayafunika. Mshazari wa kulia ndio usiokubali makosa, maana hapo mbavu mbili zinakutana na jicho linaona hata pikseli tatu zilizopotoka.

Pita herufi moja baada ya nyingine. H ina sehemu tatu: miguu miwili na chini ya daraja lake. A nayo ina miguu miwili na chini ya daraja. Mteremko ulio ndani ya tundu uache na rangi ya ubavu wa kulia. I ina sehemu moja tu, Mungu aibariki. M usisahau ncha ya katikati.

R ina tumbo la mviringo, na mviringo hauna kona. Hapo usikate kwa mstari. Chukua brashi laini ya rangi nzito, ipake chini ya tumbo, uiache ififie kuelekea kulia. Kwa kuwa kitufe cha drafti kimefungwa, rangi haitamwagika nje.

Umefaulu ikiwa: ukiificha USO kwa muda, unaona mbavu zenye rangi mbili zilizogawanyika wazi, na bado unaweza kusoma MAHAMRI.

## Hatua ya 6: Upe uso mwanga

Hamia USO, funga kitufe cha drafti. Rangi ya mbele `f9cf5b`, ya nyuma `e79a1e`. Bonyeza G na uvute kutoka juu ya herufi hadi chini ya herufi, ukiinamisha mstari kidogo tu kulia. Bonyeza *Enter*.

Wengi huvuta kutoka kona ya juu ya picha nzima hadi kona ya chini. Wakifanya hivyo M ya kwanza inakuwa imepauka na I ya mwisho inakuwa imekolea, kana kwamba kila herufi imekaangwa siku yake. Herufi zote ziko chini ya mwanga mmoja, basi zote zibadilike kwa kiasi kimoja.

Sasa ukingo unaong'aa. USO ikiwa imechaguliwa, fanya *Layer → Transparency → Alpha to Selection*. Unda leya mpya iliyo tupu juu yake, uiite UKINGO, uijaze rangi ya `fff3cf`. Chukua kifaa cha kusogeza, M, na kwenye mipangilio yake chagua kwamba kinasogeza uchaguzi, si leya. Bonyeza kwenye picha, kisha mshale wa kulia mara nne na wa chini mara nne. Bonyeza *Delete*. Ondoa uchaguzi kwa *Ctrl+Shift+A*.

Kinachobaki ni uzi mwembamba wa mwanga upande wa juu na kushoto wa kila herufi. Ushushe hadi asilimia 60 ya uonekano (*Opacity*). Ukiuacha wote, herufi zitafanana na plastiki ya bei rahisi. Kuna wanaopenda hivyo, mimi sipendi.

Kifaa cha kusogeza ukirudishe kwenye leya kabla hujaendelea.

## Hatua ya 7: Sasa kivuli, na si kabla

Rudufu UBAVU, iite KIVULI, iburute chini ya UBAVU. Ijaze `06222a`, ambayo ni rangi ya usuli iliyotiwa giza. Usitumie nyeusi tupu: kivuli juu ya ukuta wa bluu ni bluu iliyokosa mwanga, na weusi mtupu unaonekana kama doa la oili.

Fungua kitufe cha drafti. Isogeze kwa *Ctrl+Shift+O*, X 20 na Y 20. Nenda *Filters → Blur → Gaussian Blur*, weka 18 pande zote mbili. Punguza uonekano hadi asilimia 45.

Kivuli kianzie kwenye ubavu. Ukiona mwanya wa usuli kati yao, herufi zimeng'oka ukutani. Punguza ile 20.

Kisha simama, rudi hatua kumi nyuma, utazame skrini ukiwa umefinya macho. Kama neno linasomeka na linakuja mbele, umemaliza. Kama unaona kivuli kwanza na neno baadaye, punguza kivuli.

## Hatua ya 8: Toa faili bila kuiharibu

Hifadhi faili ya kazi ya XCF, aina ya faili ya GIMP yenyewe, yenye leya zote. Hiyo ndiyo mali yako. Kisha *Ctrl+Shift+E* utoe PNG, faili ya picha ya kumpa mchapaji.

Ukipeleka kwa mchapaji kupitia WhatsApp, itume kama hati, si kama picha. Ikitumwa kama picha inabanwa, na kazi yote ya hatua ya nne inageuka ukungu.

Rangi nazo zitabadilika kidogo. Skrini inatoa mwanga, mashine ya kuchapa inachanganya wino, na manjano inayowaka kwenye skrini hutulia kwenye karatasi. Omba kipande kidogo cha majaribio kabla ya kuruhusu bango zima. Tofauti kati ya zile kahawia mbili ndiyo ya kuangalia: zikigandana kwenye karatasi, fanya ile ya ubavu wa chini iwe nzito zaidi.

## Ukikwama

*Rangi inamwagika kwenye picha nzima.* Kitufe cha drafti kiko wazi.

*Nakala haisogei, au inakatwa ukingoni.* Kitufe cha drafti kimefungwa, au ulisahau *Layer to Image Size*.

*Unapaka rangi na hakuna kinachobadilika.* Uko kwenye leya nyingine, au kuna uchaguzi mdogo uliosahaulika mahali fulani. *Ctrl+Shift+A*, kisha tazama paneli ya leya.

*Kila kitu kiko sawa lakini bado linaonekana bapa.* Karibu kila mara ni hatua ya tano iliyorukwa. Ikiwa haikurukwa, linganisha uzi wa mwanga na kivuli. Huenda viko upande mmoja.

*Mteja anataka neno jingine.* Onyesha ASILI, irudufu, andika upya, na uanze tena hatua ya nne. Hilo litakupata. Bango la pili nilimpelekea yule mama asubuhi, karai likiwa motoni. Alifuta mkono kwenye leso, akapitisha kidole kwenye ukingo wa M taratibu, kama anayetafuta pa kuushika. Halafu akasema, "Sasa hapa chini ongeza NA MBAAZI. Kwa herufi hizi hizi, mwanangu."